Mwalimu Kavuka

Ukistaafu tu, watoto wako wanageuka kamati. Jana walikuwa wanakuomba hela ya daftari, leo wana kundi lao la WhatsApp ambalo wewe humo hutakiwi, wanajadili mgongo wako, presha yako na mahali utakapopelekwa "kupumzika". Sisi tulipangiwa Serengeti, kuangalia nyumbu wakivuka Mto Mara. Mwezi Agosti.

Nikauliza, kwa nini Agosti? Mimi na mama yenu hatuna kengele, hatuna ratiba, hatumwombi mtu ruhusa. Mstaafu anaweza kwenda Serengeti Aprili wakati wa masika, bei ziko chini, hifadhi nzima kaachiwa yeye na mbung'o. Binti yangu mkubwa akajibu, "Baba, Aprili nyumbu hawako Mto Mara. Halafu tumeshalipia." Hoja ya kwanza ningeweza kubishana nayo. Ya pili ikanifunga mdomo. Kiinua mgongo changu kilishapita kwenye kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya wastaafu, kikatoka, kikageuka bati na tofali kabla hatujazoeana vizuri, kwa hiyo safari ya kulipiwa haihojiwi sana.

Ubaya wa Agosti ni kwamba Wazungu wote wana watoto na watoto wote wako likizo, na walimu wao pia. Sisi wenye mwaka mzima mikononi tunakwenda kubanana na watu wenye wiki mbili.

Kwenye gari tulichanganywa na mzee mmoja wa Kijerumani na mkewe, wastaafu wenzetu, watu wazuri, kila mmoja na kofia yenye pazia la kufunika shingo. Hao walikuwa wanakimbia watu. Venice walikuwa wameenda, wakalipa euro 5 ya kuingia mjini, maana tangu 2024 mji ule unawatoza wageni wa kutwa kwenye siku zenye msongamano. Wakalipa, wakaingia, na walichokiona ni migongo ya wengine waliolipa. Barcelona wakaighairi kabisa baada ya kuona kwenye taarifa ya habari, Julai 2024, waandamanaji wakiwamwagia watalii maji kwa bastola za kuchezea. "Ndiyo maana tukachagua Serengeti," yule mama akaniambia kwa Kiingereza chake kilichonyooka. "Tunataka kimya."

Dereva wetu, kijana wa Karatu mwenye adabu zake, akamtazama kwenye kioo kwa huruma. Hakusema neno.

Asubuhi ya siku yenyewe tuliamshwa gizani. Mke wangu ni muuguzi mstaafu, na kustaafu kwake kumeishia kwa wagonjwa wengine. Kwangu bado yuko zamu. Nikamwambia leo vidonge vya presha tuviache mpaka jioni, maana vya kwangu ni vile vinavyofukuza maji mwilini, na safari ni ndefu. Akanikazia macho. "Mwalimu, presha haina likizo." Nikameza. Akanimiminia chai kikombe cha kwanza, akaongeza cha pili kwa ajili ya baridi.

Huko kaskazini, Kogatende, vivuko vya nyumbu vimepangwa kama vituo vya daladala, ila kila kimoja na namba yake. Madereva wanaulizana kwenye redio ya upepo: namba nne kuna nini, namba saba kuna nini. Utaratibu wao ni huu: nyumbu wakikusanyika ukingoni, magari hukaa mbali, injini zimezimwa, watu wananong'ona, maana nyumbu akishtuka anageuka na wenzake wote. Yule wa kwanza akijitosa majini, hapo ndipo magari yote yanaondoka kwa pamoja kugombea ukingo. Sasa pigeni picha: Serengeti ina kilomita za mraba 14,763, nafasi ya kutosha kila mtalii apewe kilima chake, na sisi sote tumejipanga bampa kwa bampa nyuma ya kichaka kimoja. Mbele yetu gari, kushoto gari, kulia gari, nyuma yetu magari mawili. Mzee wa Kijerumani akasimama, akachungulia juu ya paa, akaketi. "Venice," akasema.

Nyumbu nao hawana haraka. Wanateremka mpaka majini, mmoja ananusa, anakumbuka kitu, anapanda tena juu. Punda milia wanakuja kuangalia, wanaondoka. Mamba wamelala kwenye mchanga ng'ambo ya pili, hawajui habari ya ratiba ya mtu. Jua likapanda. Na kidonge changu, kilichokuwa kimekaa kimya tangu alfajiri, kikaripoti kazini.

Nikamnong'oneza dereva kwamba naomba kuchimba dawa. Akasema, "Mwalimu, hapa hakuchimbiki." Kushuka kwenye gari ni marufuku isipokuwa mahali palipotengwa, na tangu zile video za Julai 2025, watalii wameshuka wamejipanga ukingoni mpaka nyumbu wanakosa pa kupita, yeye hataki hata kusikia mlango wa gari ukilia. Kurudi nyuma hawezi, kabanwa. Akiwasha injini na nyumbu wakageuka, alisema, watu wa magari yote haya watatukumbuka mpaka makwao.

Nikavumilia. Nikakokotoa vipeo vya pili kichwani. Nilipofika mia nne na arobaini na moja, mke wangu akaniangalia magoti akaelewa kila kitu.

Zamani shida hii ingemalizwa na mfuko wa plastiki, lakini mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na sisi ni raia wema. Maji tulipewa kwenye chupa za bati zenye mdomo mwembamba. Ikabaki chupa ya chai, yenye mdomo mpana. Niliitupia jicho tu. Mke wangu akaikumbatia. "Hii nilipewa zawadi kwenye ndoa ya mwanao. Utapasuka, lakini hii huitumii."

Mwishowe, kwa moyo wa kiuguzi, akakubali nitumie kikombe chake cha chai cha karatasi... hapana, hata hicho kikaonekana kidogo. Basi akavua kanga aliyojifunika mabegani, akaishika pembe mbili, akanitengenezea pazia kwenye kiti cha nyuma, na ile chupa akaniachia huku amegeuka pembeni. Kanga ilikuwa imeandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone". Nikashika kifuniko. Nikainua macho kumshukuru Mungu, nikakutana na mtoto wa kizungu wa gari la jirani, kasimama kwenye paa lililoinuliwa, ananitazama kutoka juu. Akanipungia mkono. Nikampungia na kifuniko.

Hapo dereva akaona adabu imefika mwisho. Akachukua redio, akasema taratibu, "Wakuu wa nyuma, naomba njia kidogo. Nina mzee wangu ana dharura."

"Mzee gani huyo, Mzungu?"

"Hapana, wetu. Mwalimu mstaafu wa Moshi."

"Mwalimu wa nini?"

"Hesabu."

Redio ikanyamaza. Gari la nyuma yetu kabisa kikatokea kichwa dirishani, kina kipara, kikanikagua kupitia kioo. Halafu redio: "Shikamoo Mwalimu!"

Dereva akanisogezea kipaza sauti. Nikasema marahaba, kwa sauti ya mtu aliyekunja miguu.

"Mwalimu, samahani. Ulikuwa wapi wakati wa mapumziko?"

Maneno hayo ni yangu. Miaka yote niliyofundisha, mtoto akinyoosha mkono kuomba kwenda nje kabla ya kengele, hilo ndilo lilikuwa jibu langu. Na sijutii, nusu yao walikuwa wanakwenda kuchuma mapera. Lakini sikutarajia kulisikia Kogatende, kwenye mawimbi ya redio ambayo madereva wote wa kaskazini wanayasikiliza. Magari yakaanza kutikisika kwa vicheko, moja baada ya jingine, na watalii ndani wanauliza kumetokea nini.

"Saba mara nane, Mwalimu, ndiyo nirudi nyuma."

"Hamsini na sita! Na wewe mara ya mwisho uliandika hamsini na nne!"

"Ni mimi kweli," akakiri hewani, akawasha injini.

Akarudi nyuma, na wa nyuma yake akarudi, tukatoka kinyumenyume. Tulipofika barabarani redio ikapiga kelele: "Wamejitosa! Namba nne wamejitosa!" Nyuma yetu vumbi likapanda, magari yote yakakimbilia mtoni, na sisi peke yetu tukakimbilia kinyume, vyoo vya karibu na uwanja wa ndege wa Kogatende. Nilitamani kuwaomba radhi Wajerumani. Sikupata nafasi, kwa sababu gari lilivyosimama tu yule mama alifungua mlango wake, akanipita mbio, kofia inapepea. Kumbe naye alikuwa amebana tangu alfajiri, anaona haya kusema.

Na huko chooni, msinione mwongo, kulikuwa na foleni. Wazee watupu. Waitalia, Wachina, Mmarekani mmoja na fimbo yake, wote wa umri wetu, wote wamekunja magoti kwa mtindo mmoja, na nusu yao nadhani wanameza kidonge changu. Hakuna aliyeuliza habari za nyumbu. Mzee wa Kijerumani akajiunga nyuma yangu, akasikiliza upepo, akasema hapa ndipo mahali pa kimya zaidi alipofika tangu atoke nyumbani.

Niliporudi garini redio ilikuwa inaita.

"Nyumbu wameisha, wamevuka wote. Mwalimu je?"

Dereva akanitazama. Mimi nikatazama nje.

"Naye kavuka," akajibu. Mke wangu ndiye aliyeanza kupiga makofi.