Kilimo cha Ukara: ustadi au kubanwa na ardhi?

Maofisa ugani wa mkoa wa Mwanza wakitaka mfano wa kilimo bora cha wenyeji, huitaja Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria kilicho kaskazini mwa Ukerewe, ambacho eneo lake halifiki kilometa za mraba 80. Sababu wanayo. Udongo wake ni mchanga uliomomonyoka kutoka kwenye mawe ya matale, mwepesi na wenye rutuba haba, lakini Wakara wameulima kwa vizazi vingi karibu bila kuupumzisha. Ng'ombe hufungwa ndani na kukatiwa majani, samadi hubebwa hadi shambani, na marejea, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa katikati ya uwele ili baadaye yafukiwe kuwa mbolea.

Hata hivyo, wanaousifu utaratibu huu mara nyingi huruka jambo moja: Wakara wengi waliohamia bara, wakapata mashamba mapana, waliuacha. Ujuzi walikuwa nao. Kilichokosekana ni shida ya ardhi. Kwangu hoja hii ina uzito kuliko sifa zote, kwa kuwa inaonyesha kwamba kubeba samadi kichwani mwaka hadi mwaka ni kazi ambayo mtu huikubali pale tu anapokosa njia nyepesi.

Wanaousifu watajibu kwamba hata bara, Usukumani, nafasi imekwisha, hivyo utaratibu huu uigwe huko; kuhusu nafasi watakuwa wamesema kweli. Huko Kwimba na Magu mashamba yanagawanywa kati ya ndugu, na wafugaji wengi wameshaswaga mifugo yao hadi Rukwa na bonde la Kilombero. Lakini kufungia ndani kundi kubwa la ng'ombe wakati wa kiangazi, mbali na ziwa, ni ndoto. Ukara ina ng'ombe wachache kwa kila kaya, na majani yake hukuzwa penye maji.

Kinachoweza kuigwa, basi, ni samadi na marejea katika mashamba ya karibu na nyumba. Hata hapo kuna kikwazo cha umiliki, ambacho hakizungumzwi vya kutosha. Ukara kila kipande kina mwenyewe, hata cha majani ya mifugo, ilhali sehemu nyingi za Usukuma shamba likishavunwa huwa malisho ya kila mtu. Anayepanda marejea hapo atakuta yameliwa au kukanyagwa na ng'ombe wa jirani kabla hajayafukia, na halmashauri ya kijiji, yenye mamlaka ya kutunga sheria ndogo, ndiyo inayoweza kulizuia hilo, wala si semina nyingine ya ugani.