Mpole akichafuliwa, nani atamtetea?

Jumamosi iliyopita nilikuwa kijiweni kwetu, kikombe cha kahawa mkononi, kashata mbili zimefungwa kwenye karatasi ya daftari la mtoto wa shule. Mazungumzo yakafika pale pale yanapofika kila wiki: baadaye nani anafaa kuwa Rais? Mzee mmoja akataja jina la kiongozi ambaye sitamtaja hapa. Ni mtu mtaratibu, hana vijembe, anaweza kukaa meza moja na wapinzani wakaondoka wamepeana mikono. Kijana mmoja wa bodaboda, hata kofia ngumu hajaivua, akadakia: "Huyo hapana. Huyo ana kashfa."

Nikamuuliza, kashfa gani?

Akapuliza kahawa yake, akafikiri. "Ipo tu. Mbona inajulikana."

Yule mzee aliyemtaja hakubisha. Alitazama chini, akageuza kikombe, na jina lile likafa pale pale. Dakika mbili baadaye tulikuwa tunamjadili mwanasiasa mwingine, mkali wa jukwaani, ambaye tuhuma zake mimi na wewe tunaweza kuzihesabu kwa vidole vya mikono miwili. Huyo alikuwa na watetezi wanne kijiweni, na mmoja alikaribia kurusha ngumi. Nimerudi nyumbani nimekasirika na hasira haijaisha mpaka leo, ndiyo maana naandika.

Mwaka 2005 nilikuwa naishi kwa mjomba wangu Temeke. Mjomba alikuwa mwanachama wa CCM tangu enzi za TANU, kadi yake ameifunga kwenye nailoni ndani ya Msahafu. Mwaka ule aliamini kwa moyo wake wote kwamba zamu ni ya Dk. Salim Ahmed Salim. Alikuwa akituhesabia sifa zake wakati wa kula, kama mtu anayemsifia mwanawe: balozi wetu Misri akiwa na miaka 22 tu; Umoja wa Mataifa tangu 1970; Rais wa Baraza Kuu 1979; Waziri Mkuu mwaka 1984 Sokoine alipofariki; kisha miaka 12 Addis Ababa, Katibu Mkuu wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Mjomba alikuwa akimalizia na ule uchaguzi wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1981, Marekani ilipomwekea kura ya turufu raundi baada ya raundi hadi akajitoa. Kwake yeye, mtu aliyeogopwa na Marekani kiasi kile hakuwa na la kuthibitisha tena.

Halafu jioni moja akarudi kutoka mjini na karatasi. Ilikuwa fotokopi ya fotokopi, imekunjwa mara nne, maandishi yamefifia, mistari mitatu imepigiwa wino mwekundu. Alipewa na mtu kwenye daladala. Akaiweka mezani na kuilaza kwa kiganja, kama mtu anayenyoosha nguo. Ilisema yale ambayo wasomaji wangu wenye umri wa kutosha wanayakumbuka: kwamba Salim ni Hizbu, yaani mtu wa ZNP, chama kilichopinduliwa Zanzibar mwaka 1964, kwamba ni Mwarabu, kwamba ana mkono kwenye mauaji ya Mzee Karume.

Mzee Karume aliuawa Aprili 7, 1972. Salim wakati huo alikuwa balozi wetu New York. Na ukitaka kujua ya Hizbu, historia ya Zanzibar iko wazi: Salim alikuwa mtu wa Umma Party, chama cha Abdulrahman Babu kilichojitenga na Hizbu mwaka 1963, na makomredi wa Umma walikuwa upande wa Mapinduzi. Serikali ya Mapinduzi na Nyerere mwenyewe walimtuma Cairo mwaka ule ule wa Mapinduzi, 1964. Kama alikuwa adui wa Mapinduzi, basi walimpa adui pasipoti ya kidiplomasia na kumtuma akawasemee.

Mjomba aliyajua yote haya. Alituelezea moja baada ya jingine, sauti yake imetulia. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau: "Lakini watu watasema, kwa nini tujitie kwenye maneno?"

Mei 2005, Chimwaga, Dodoma, mkutano mkuu wa CCM unachagua mgombea wake wa urais. Kikwete kura 1,072. Salim 476. Mwandosya 122.

Jumlisha hizo kura. Ni 1,670. Wengi tunaposema kashfa imemharibia mtu urais, tunafikiria mamilioni ya wapiga kura wanaosoma magazeti na kubadili mawazo. Sivyo mambo yanavyokwenda kwetu. Safari ya mtu kwenda Ikulu inakatwa ndani ya ukumbi, na watu wasiojaa hata jukwaa moja la Uwanja wa Taifa. Tuhuma haihitaji kuishawishi nchi. Inahitaji kumfikia mjumbe wa mkutano mkuu akiwa hotelini kwake usiku na kumwachia swali lile lile la mjomba. Nakubali, Kikwete alikuwa na mtandao uliojengwa kwa miaka mingi, alikuwa kijana, alipendwa, na huenda angeshinda hata kama ile fotokopi isingepigwa. Nakubali kwa shingo upande. Lakini Salim alistahili kushindwa kwa hoja, akatazamana na hoja hiyo ana kwa ana. Alishindanishwa na mnong'ono.

Na hapa ndipo napotaka tukae kidogo, kwa sababu nadhani hatujalielewa jambo hili vizuri. Tunasema kashfa ni kashfa, ikimpata mwanasiasa inampunguza. Mimi nimeishi miaka ya kutosha kuona kwamba inampunguza mmoja na kumwongeza mwingine. Mwanasiasa mkali ana watu wake. Amewapa adui, amewapa wimbo, amewapa sababu ya kuamka asubuhi. Ukimtuhumu yeye umewatuhumu wao. Watafunga barabara, watavaa fulana zake, watasema anaonewa, na tuhuma yenyewe itageuka kuwa kadi ya uanachama. Mtu wa kati hajawapa watu adui. Amewapa busara, subira na mazungumzo, na hayo hayajawahi kumfanya mtu apande fuso kwenda mkutanoni. Watu wanamheshimu. Wanamsifia msibani na kwenye harusi. Lakini heshima inakaa nyumbani, haitoki barabarani. Akichafuliwa, kila mmoja anamsikitikia kimoyomoyo na kusubiri mwingine aseme.

Naye mwenyewe mara nyingi hajui kupigana. Anajibu tuhuma ya maneno sita kwa barua ya kurasa nne yenye tarehe na viambatanisho. Anaona ni aibu kumtukana aliyemtukana. Mtaji wake wote ni jina safi. Likipata doa dogo hana kingine cha kuwapa watu, wakati yule mkali hata hakuwahi kuahidi usafi.

Tazama majirani zetu. Machi 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto waliingia kwenye uchaguzi wakiwa na kesi ya uhalifu dhidi ya binadamu The Hague, tuhuma nzito kuliko zote anazoweza kubebeshwa binadamu. Kesi ile ikawa ndiyo gundi. Walikusanya watu wao chini ya hoja kwamba wageni wanataka kutuchagulia viongozi, wakashinda kwa asilimia 50.07. Musalia Mudavadi, mtu ambaye Kenya nzima ilimwita mpole na mikono salama, aliambulia chini ya asilimia nne. Hakuwa na kesi yoyote. Alikuwa na maneno tu yaliyomfuata: ardhi ya makaburi ya Nairobi iliyonunuliwa wakati yeye ni Waziri wa Serikali za Mitaa, na lile jina la kuwa mradi wa watu fulani. Najua, Kenya ni hesabu za makabila na miungano kabla ya kitu kingine chochote, wala sisemi makaburi ndiyo yaliyomwangusha. Nasema hakuna aliyelia barabarani kwa ajili yake.

Kuna watakaoniandikia kuhusu Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu wetu, najua, maana kila nikigusa mada hii lazima waandike. Haya, tumseme Lowassa.

Lowassa hakuwa mtu wa kati kwa maana ya Salim. Alikuwa na jeshi. Mwaka 2006 nchi iko gizani, mabwawa yamekauka, kampuni ya Richmond inapewa mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100 na haiwezi kuzileta. Kamati teule ya Bunge chini ya Mwakyembe inasoma ripoti bungeni, na Februari 7, 2008 Waziri Mkuu anatangaza kujiuzulu, akilalamika kwamba kamati haikumhoji. Nilikuwa nasikiliza redio kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na watu waliacha kununua misumari. Siku ile niliona haki imetendeka. Leo naona kwamba kazi ilianza, ikaachwa nusu.

Kwa sababu baada ya pale hakuna aliyempeleka mahakamani, na hakuna aliyemsafisha. Jalada likawekwa mahali ambapo mkono wowote ungeweza kulifikia ukilihitaji. CCM ikalitoa mwaka 2011 wakati wa kujivua gamba, ile kampeni ya kuwaondoa viongozi wenye tuhuma za ufisadi. Ikalirudisha. Julai 2015, majina 38 ya wanaoomba kugombea urais kwa CCM yako mezani, Kamati Kuu ikabakiza matano na la kwake halimo, wajumbe wakaimba Dodoma kwamba wana imani na Lowassa, na jalada bado halijafunguliwa. Mwezi huo huo akapokelewa na CHADEMA, chama ambacho Katibu Mkuu wake, Dk. Slaa, alimtaja kwenye orodha ya mafisadi pale Mwembeyanga Septemba 15, 2007. Slaa akaondoka. Lipumba, mwenyekiti wa CUF iliyokuwa imeungana na CHADEMA, akaondoka. Na mtu aliyebeba kashfa kubwa kuliko zote za kizazi chetu akapata kura 6,072,848, karibu asilimia 40, kura nyingi kuliko mpinzani yeyote kabla yake.

Weka picha hizo mbili pamoja. Mmoja alikuwa na mkataba, ripoti ya Bunge na barua ya kujiuzulu, akapigiwa kura na watu milioni sita. Mwingine alikuwa na fotokopi iliyofifia, akaishia Chimwaga na kura 476. Uzito wa tuhuma haukuamua chochote. Kilichoamua ni nani ana watu wa kusimama mbele yake.

Sisemi wapole ni malaika. Wapo wanaojificha nyuma ya upole ili wasiulizwe maswali, wanaosaini kila kitu kinachowekwa mbele yao kwa sababu hawapendi ugomvi, na mtu wa namna hiyo ana hatia yake kamili. Ulizeni. Ulizeni kwa ukali. Waandishi wetu wachimbe mikataba, kamati za Bunge ziite watu, tena nataka ziite zaidi ya zinavyoita sasa. Ninachodai ni kwamba tuhuma ikiwekwa mezani iwe na siku ya kujibiwa, mahali pa kujibiwa na mtu wa kutoa uamuzi. Kama mtu ameiba, afungwe. Kama hakuiba, aambiwe hadharani, kwa sauti ile ile iliyotumika kumtuhumu. Hili la katikati, la kumwacha mtu amechafuka kiasi cha kutosha asigombee lakini hajachafuka kiasi cha kushtakiwa, linawanufaisha wale wanaoshika funguo za kabati la majalada. Linamuumiza mpole kuliko mwingine yeyote, kwa sababu yule mkali atatoka nje na kuwaambia watu wake, na watu wake watamwamini.

Na sisi tulioko vijiweni tuna sehemu yetu. "Ipo tu, mbona inajulikana" ni sentensi ya kikatili. Imesemwa kuhusu watu ambao wangeweza kutuongoza vizuri, na aliyeisema hakulipa hata senti. Jumamosi hii nikienda nitamtafuta yule kijana wa bodaboda. Si mtu mbaya. Alininunulia kashata ya pili siku ile. Nitamwomba aniambie neno moja tu la hiyo kashfa: mwaka, au kiasi, au jina la kampuni. Akiwa nalo nitamsikiliza mpaka kahawa ipoe. Na yule mzee nitamwambia, babu, ulipomtaja yule mtu uliamini unachosema, kwa nini ulimwacha peke yake?

Mjomba alifariki bila kuitupa ile karatasi. Tulipokuwa tunapanga vitu vyake tuliikuta ndani ya Msahafu, pamoja na kadi ya TANU, na pembeni ameandika kwa penseli mwaka 1972, mshale, na neno New York. Alikuwa na jibu. Sijui kama aliwahi kumwonyesha mtu yeyote nje ya nyumba ile.

Na Lowassa amezikwa Ngarash, Monduli. Alifariki Februari 10, 2024, miaka 16 na siku tatu baada ya kujiuzulu. Kwa muda wote huo hakuna hakimu aliyewahi kumsomea shtaka la Richmond, wala kumwambia yuko huru.