Mackay alifundisha kwa mikono yake

Mwandishi wa makala kuhusu mmisionari Alexander Mackay anasema alikuwa mhubiri aliyekuja Uganda mwaka 1878 na kufanya ufundi "kwa kujishikiza" muda ukimruhusu. Hapo simuungi mkono hata kidogo. Huyu Mskoti alisomea ualimu kwanza, kisha uhandisi Edinburgh, akawa mchoraji wa mitambo Berlin kabla ya kujiunga na CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana. Kabla hata hajafika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, alikuwa amesimamia barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa mwaka 1877. Pale Natete, kituo chake karibu na ikulu, karakana yake ndiyo iliyokuwa darasa: vijana wa ikulu walikuja kutazama chuma kikifuliwa, wakabaki kujifunza kusoma. Herufi alizichonga mwenyewe kwa mbao, akachapa karatasi za kusomea. Tena mwanzoni alisoma Maandiko mbele ya Mutesa kwa Kiswahili, kwa kuwa lugha hiyo ilieleweka ikulu. Jambo hili makala imeliruka kabisa, na kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili si dogo. Wanafunzi hao hao ndio waliolipa gharama kubwa. Januari 1885 Kakumba, Rugarama na Serwanga waliuawa kwa amri ya Mwanga, Kabaka aliyemrithi Mutesa, wakiwa vijana wadogo. Mackay mwenyewe alifukuzwa mwaka 1887, akahamia Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, akaendelea kutafsiri na kuunda mashua hadi malaria ilipomuua Februari 1890, akiwa na miaka 40. Wasomaji wa Kanda ya Ziwa, je, Usambiro kuna alama yoyote ya kumkumbuka?