Mbwa mzima si mkaidi, hajaonyeshwa tu choo kiko wapi

Kila nikisema hapa mtaani ati mbwa mzima anaweza kufundishwa kukaa ndani bila kuchafua nyumba, najibiwa na methali ile ile, samaki mkunje angali mbichi, na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi nakataa. Nimeishi na mbwa wa kuchukua, yule ambaye wenyewe walihama wakamwacha kwa geti, yule ambaye boma liliuzwa na mnunuzi hataki mbwa, na nimewaona wakishika hii maneno ya choo vizuri kabisa wakiwa na miaka yao minne, mitano, hata zaidi. Akili wanayo. Chenye kinakosekana ni mtu wa kujiuliza huyu mnyama alilelewa vipi kabla hajafika kwangu.

Na hapo ndio nataka tukae kidogo, juu ushauri mwingi wenye tunasoma umeandikwa kwa mbwa wa Marekani na Uingereza, mbwa wengi wa huko wamezaliwa ndani, wamelala jikoni, wengine mpaka kitandani, hata akihamia kwa mtu mwingine nyumba anaijua. Wetu sio hivyo. Mbwa wa kawaida hapa Nakuru, awe wa Lanet, Kiamunyi ama Free Area, ni mlinzi. Mchana anafungiwa kwa kibanda, chini ni simiti, ndio wageni na watoto wapite bila wasiwasi, halafu usiku geti ikifungwa anafunguliwa azunguke mpaka asubuhi. Sasa fikiria hiyo ratiba, mwaka baada ya mwaka, imemfundisha nini.

Kwanza imemuua ile tabia ya kuzaliwa nayo. Mtoto wa mbwa hapendi kuchafua pahali analala, akianza tu kutembea anajivuta kando ndio ajisaidie. Lakini ukimfungia kwa kibanda kidogo kutwa nzima, atafanya nini, si atajisaidia hapo hapo analala, na akizoea hivyo ile haya yake inaisha pole pole mpaka haoni tena tofauti ya choo na kitanda.

Pili, na hili hata watu wa mbwa wanalisahau, mbwa anajifunza choo kwa nyayo. Anakariri vile chini panahisi akiwa bado mdogo, kwa hivyo aliyelelewa kwa nyasi anatafuta nyasi, wa mchanga anatafuta mchanga, na wa simiti anatafuta simiti. Wewe nawe umemleta kwa nyumba ya simiti ama taili, unamtoa nje unamzungusha kwa nyasi nusu saa nzima, hakuna kitu, mnarudi, na hata hujafunga mlango amekojoa katikati ya sebule. Unaona ni madharau. Yeye anaona amevumilia weee mpaka amefika choo. Nikielewa hii kitu ndio nilianza kumtoa mbwa wa aina hiyo kwanza kwa simiti ya nje, pale nyuma karibu na kamba za nguo, ajisaidie pale penye miguu yake inapajua, nikimsifu, halafu siku zikienda tunasogea kando kidogo mpaka kwa udongo. Nikipangusa mkojo wake na kitambaa nakipeleka pale nataka awe anaenda, akinusa anaelewa.

Tatu ni saa. Mwili wa mbwa wa ulinzi umezoea kufanya kila kitu usiku, akilala ndani siku za kwanza ile saa yake ya kuzunguka kompaundi inafika na mlango umefungwa. Kwa hivyo ukimchukua mbwa kama huyu kubali kuamka usiku mwanzoni, hata na hii baridi ya Nakuru, toka na yeye, ngoja afanye, mrudi, bila michezo na bila kuwasha taa zote ukiamsha watoto. Halafu hiyo saa unaisogeza kidogo kidogo kuelekea alfajiri. Mbwa mzima mwenye afya anaweza kukaa saa sita mpaka nane bila kukojoa, kwa hivyo usiku mzima ataumaliza, lakini mwili upewe muda wa kuhama zamu.

Sasa kuhusu kichapo. Hii inaniuma na nitaisema wazi. Ile mambo ya kumshika mbwa shingo na kumsugua pua kwa mkojo wake, ama kumpiga na slipasi ukirudi jioni ukapata ameharibu, ni ukatili na pia haifanyi kazi. Mbwa anaunganisha adhabu na kile anafanya wakati huo huo, na wakati huo amelala ama amekuja kukupokea mlangoni akitingisha mkia. Anachosoma ni kwamba wewe ukikaribiana na mkojo ni hatari. Kesho yake hatakojoa mbele yako, atajificha nyuma ya kochi ama chini ya kitanda, na hata ukimtoa nje na kamba atakataa kujisaidia ukiwa umesimama hapo, juu umemfunza mwenyewe kwamba kukojoa mbele yako ni kosa. Halafu unaanza kumwita mjanja.

Watu wanasema, lakini anajua amekosa, angalia hiyo sura, masikio chini, macho pembeni. Kuna mwanasayansi wa Marekani anaitwa Alexandra Horowitz, mwaka wa 2009 alichapisha utafiti kuhusu hiyo sura ya hatia, akapata kwamba mbwa wanaionyesha wakikaripiwa, wawe wamekosa ama hawajakosa. Yaani wanasoma uso wako na sauti yako. Mtu amekuja amekunja sura, mnyama anajikunja kumtuliza, na huyo mtu anachukua hiyo kama ushahidi na anampiga zaidi. Hapa Kenya tuna sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na kumpiga mnyama kikatili ni kosa, lakini hata kama sheria haingekuwepo mimi singetaka kuishi na mnyama ananiogopa kwa nyumba yangu.

Ukimpata akiwa katikati ya kufanya, piga makofi mara moja tu kumkatiza, mtoe haraka, akimalizia nje msifu. Ukipata tayari ameshafanya, nyamaza, pangusa, na ujiulize alitolewa mara ya mwisho saa ngapi.

Kazi yenyewe ni ratiba, na hakuna njia ya mkato. Chakula kiwe na saa zake, sio sufuria ya ugali na omena imekaa chini mchana kutwa, juu mbwa akila tumbo linaamka na wengi wanataka kutoka baada ya dakika kumi na tano mpaka thelathini hivi. Atoke akiamka, atoke akishakula, atoke akishacheza, atoke kabla ya kulala, na katikati atolewe mara nyingi kuliko venye unadhani anahitaji, kama mtoto mdogo. Maji usimnyime, hata kama unadhani yatamfanya akojoe, na nyinyi wa Kisumu na hiyo joto yenu hilo ndio kabisa. Enda na yeye mwenyewe, usifungue tu mlango ukarudi kwa simu, kwa sababu zawadi ni lazima aipate pale pale, sekunde mbili tatu baada ya kumaliza, kipande cha maini ama cha smoki, na sauti ya furaha. Ukimpa zawadi mkishaingia ndani umemlipa kwa kuingia ndani. Na akishamaliza usimrudishe mbio, mtembee kidogo, acha anuse, juu mbwa akigundua kwamba matembezi yanaisha akishakojoa atajifunza kubana mkojo ndio mtembee sana.

Akiwa ndani na hujamwamini bado, asizurure nyumba nzima. Mimi namfunga kamba ndefu nashika ama nafunga kwa mguu wa kiti chenye nimekalia, nikiona anaanza kuzunguka na kunusa chini najua, tunatoka. Akipata chumba kimoja bila ajali ndio anaongezwa kingine. Wengi wanashika ndani ya wiki chache, wengine miezi, hasa wale walioteswa.

Kusafisha pia kunawashinda watu. Sakafu ya simiti isiyo na taili inanyonya mkojo, hata ile iliyopigwa rangi nyekundu ikishapata nyufa, na pua ya mbwa itaupata hata kama yako haiupati, na pahali panapomnukia choo patakuwa choo. Jiki haisaidii venye watu wanafikiria. Kuna amonia kwa mkojo, na ukimwaga jiki juu ya mkojo mbichi unatoa hewa inayochoma pua na kifua, kwa nyumba ndogo yenye mtoto hiyo ni hatari. Kausha mkojo kwanza na gazeti ama tambara, halafu osha na sabuni ya unga ile yenye vimeng'enya, hivyo ndio vinavunja mkojo wenyewe, soma nyuma ya pakiti utaona kama imo. Iache dakika kadhaa, suuza vizuri, kausha. Siki iliyochanganywa na maji inapunguza harufu kama hiyo sabuni haipo. Kapeti ya manyoya ikunjwe, iwekwe juu ya kabati mpaka mafunzo yaishe, hiyo sitabishana na mtu.

Kuna mengine si ya mafunzo na yanataka daktari wa mifugo. Mbwa anakojoa kidogo kidogo kila saa, ama kuna damu, hiyo inaweza kuwa ni maambukizi ya njia ya mkojo. Mbwa anakunywa maji kupita kiasi na kukojoa kama bomba inaweza kuwa figo ama kisukari. Jike aliyefungwa uzazi anaweza kuvuja akiwa amelala bila hata kujua. Dume anayeinua mguu na kunyunyiza kidogo kwa kochi, kwa mlango, kwa magurudumu ya baiskeli, huyo anaweka alama, na wengi wanapunguza wakihasiwa. Halafu kuna yule anayekojoa akiinamiwa ama akisalimiwa kwa nguvu, amejikunja tumbo juu, huyo ni woga, mkaripie na utazidisha, chuchumaa kando, usimwangalie machoni, mwache aje mwenyewe. Na ukienda kwa daktari, hapo hapo achanjwe kichaa cha mbwa na apewe dawa ya minyoo.

Minyoo naitaja kwa sababu ya majirani. Tunaishi kwa ploti, watoto wa watu wanacheza kwa huo huo udongo, na mayai ya minyoo ya mbwa yakiingia mdomoni mwa mtoto yanaweza kumdhuru mpaka macho. Kwa hivyo kinyesi kinaokotwa, kila mara. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, gazeti ama karatasi ya kaki inatosha, ama beleshi na shimo, na udongo wetu huu mwepesi unachimbika bila shida, mradi shimo liwe mbali na sukuma za mtu na mbali na maji. Ongea na keateka mapema, mwambie ni kona gani utatumia, usingoje alalamike kwa landilodi. Na kama jirani ni Muislamu na hapendi mbwa amguse akielekea kuswali, heshimu hilo, panga saa zako za kutoka zisigongane na zake.

Nyumbani pia kila mtu afuate njia moja. Baba akimsifu, shosho akimfukuza na ufagio, kijana naye akisahau kumtoa juu ya gemu kwa simu, mbwa atachanganyikiwa na lawama zitamrudia yeye. Afadhali mtu mmoja asimamie wiki za kwanza na wengine wasaidie tu na vile amesema.

Na kama umefanya haya yote kwa uvumilivu, daktari amemwona hana ugonjwa, na bado mbwa wako wa miaka tisa aliyelala nje maisha yake yote anasimama mlangoni akilia atoke, mwache atoke. Mjengee kibanda kikavu kilichoinuliwa kutoka chini, mlango usielekee upepo, gunia na nyasi kavu ndani, asifungiwe mchana, na jioni ukimaliza kazi keti naye hapo nje. Wengine hivyo ndio wanapenda, na hakuna haja ya kumlazimisha sebule.