Parkdale si Rungwe: tusiwahubirie Watibeti kama tunavyohubiriana nyumbani

Wakristo wengi tuliotoka Afrika Mashariki kuja Toronto tunapishana na Watibeti kila siku pale Parkdale, kando ya Queen Street West, kwenye maduka yao ya momo (maandazi ya mvuke yenye nyama au mboga ndani) na bendera za sala za rangi tano. Wapo ndugu zetu wanaokwenda pale na vipeperushi na mtindo ule ule wa mkutano wa Injili nyumbani: pambio, mahubiri, kisha "anayetaka kuokoka anyooshe mkono". Mtibeti anapokea karatasi kwa mikono miwili, anashukuru, anaenda zake. Tukirudi tunasema wana mioyo migumu. Si kweli. Hawajatuelewa.

Nyumbani mhubiri alikuta shamba limeshalimwa. Wamisionari wa Moravian walipofungua kituo cha Rungwe, kusini mwa Tanzania, mwaka 1891, Wanyakyusa walikuwa na jina Kyala la kuanzia kumtaja Mungu. Pwani, Kiswahili kilikuwa tayari na dhambi, toba, imani, malaika na nabii, kwa sababu ya kukaa karne nyingi na Uislamu. Kanisa hilo hilo la Moravian lilikuwa limetangulia kwa watu wa lugha ya Kitibeti: wamisionari Heyde na Pagell walianza Kyelang, kwenye milima ya Himalaya upande wa India, mwaka 1856. Mwenzao Jäschke akaandika kamusi na kutafsiri Agano Jipya. Biblia nzima ilitoka 1948, baada ya miaka mingi ya kazi ya Yoseb Gergan wa Ladakh, eneo jingine la Himalaya upande wa India. Leo Tanzania ndiyo yenye Wamoravian wengi kuliko nchi yoyote duniani. Ladakh kuna kanisa dogo tu.

Ugumu unaanzia kwenye neno "Mungu" lenyewe. Biblia ya Kitibeti inatumia Konchok, yaani kilicho adimu na bora kuliko vyote. Lakini Konchok Sum, wale "watatu", kwa Mbudha ni Buddha, mafundisho yake na jamaa ya watawa. Mwambie Konchok ameumba ulimwengu, ataitikia kwa heshima, ingawa kwa imani yake ulimwengu hauna muumba. Ukimweleza Utatu, ndipo anapoamini kabisa kwamba mnasema jambo moja. Na Yohana 3? "Kuzaliwa mara ya pili" kwetu ni habari njema. Kwake yeye, kuzaliwa tena na tena ndicho kifungo chenyewe, na mwisho wa safari ni kutoka humo.

Angalia madhabahu ya nyumbani kwao. Kuna vikombe saba vya maji. Asubuhi vinafutwa kwa kitambaa safi na kujazwa kuanzia kushoto kwenda kulia, vikiachana kwa upana wa punje ya shayiri, maji yakibaki chini ya ukingo kwa kiasi hicho hicho. Jioni vinamwagwa kuanzia kulia, vinakaushwa, vinafunikwa. Maji yakifurika au vikombe vikigusana, ni kosa la kurekebisha. Mtu anayeamka na utaratibu huo kila siku hana pengo ambalo kipeperushi kitaliziba.

Tena, tangu Dalai Lama, kiongozi wao wa dini, akimbilie India mwaka 1959, dini ndiyo nchi waliyobeba mgongoni. Kubatizwa, machoni pa wazazi, ni kuwaacha ukimbizini peke yao. Kwa hiyo msaada wa ada au chakula wenye sharti la kuja kanisani ni dhuluma, na mimi naupinga waziwazi. Na wanaofikiria safari ya Nepal wajue: sheria ya jinai iliyoanza kutumika 2018 inatoa hadi miaka mitano jela kwa kumbadilisha mtu dini, na mgeni hufukuzwa nchini baada ya kifungo.

Kitu kimoja cha nyumbani kinafaa huku bila kubadilishwa: kwenda msibani. Kwao sala huendelea siku 49, na kila siku ya saba ina uzito wake. Vua viatu mlangoni, peleka kitambaa cheupe cha khata pamoja na bahasha ya rambirambi, kunywa chai utakayopewa, kaa. Biblia iache nyumbani mpaka siku hizo ziishe, na hata baada ya hapo ngoja uulizwe.