Maji ya moto si dawa ya kila mbegu

Kila Novemba mvua zikikaribia, vitalu vingi vya miche Dodoma hurudia kosa lile lile. Birika linachemshwa, kisha mbegu zote zinamwagiwa: za mgunga, za mbuyu, hata za mwarobaini. Mgunga unaota. Mwarobaini unaozea kwenye kiriba, kile kimfuko cha kuoteshea mche, na lawama inaangukia udongo.

Mbegu ya mgunga imelala kwa sababu ganda lake halipitishi maji. Kiinitete, yaani mche mchanga ulio ndani, kiko tayari zamani. Ipua maji yakishachemka, mwagia mbegu, maji yawe mara kumi ya ujazo wake, ziache humo zipoe hadi kesho yake. Zilizovimba panda siku hiyohiyo. Zilizobaki ngumu kama kokoto zirudie. Usiziache jikoni zitokote, hapo unapika maharage.

Kwa mbegu chache kikata kucha kinashinda birika. Ng'oa kipande kidogo cha ganda upande wa mviringo, mbali na ncha ilipokuwa imeshikamana na kikonyo, maana mzizi mchanga umelala kwenye ncha hiyo. Mbuyu una ganda nene zaidi: sugua kwa tupa mpaka uone weupe, kisha loweka siku moja. Mbegu ya mgunga yenye kitundu cha duara achana nayo, mdudu alishakula akatoka.

Mwarobaini haulali. Shida yake ni siku na ukavu. Chuma matunda yakigeuka manjano, menya, osha utelezi wote siku hiyohiyo (usipoosha, ukungu hauchelewi), anika kivulini. Kuzitandaza juu ya bati mchana wa Dodoma ni kuziua. Mfuko wa nailoni nao unazitia joto na unyevu. Weka kwenye kapu au gunia la katani, na panda ndani ya wiki mbili, mbegu ikilazwa, kina cha sentimita moja hadi mbili.

Ndiyo maana naona mbegu za mwarobaini zisiuzwe bila tarehe ya kuchumwa. Mbegu ya mgunga ya miaka mitatu, kama haijatobolewa, naichukua bila swali. Ya mwarobaini ya miezi mitatu siitaki hata bure.

Ukilazimika kununua, pasua kumi mbele ya muuzaji. Ndani kukiwa kijani, mbegu ni hai. Kukiwa na rangi ya kahawia, imekufa. Saba za kijani, weka mbili kila kiriba. Zikiwa mbili tu, mrudishie.