Usiniambie niamke saa kumi na moja

Kila Januari wahubiri wa mafanikio hurudi mjini. Utawasikia redioni ukiwa ndani ya matatu, utawaona kwenye simu wakiwa na suti ya buluu na kipaza sauti, na ujumbe wao haubadiliki: amka saa kumi na moja alfajiri, oga maji baridi, andika malengo yako, acha uvivu. Halafu kuna semina ya kulipia kwenye hoteli fulani, chai ya saa nne ikiwemo.

Ningependa mmoja wao asimame stejini Githurai, hapa Nairobi, saa hiyo hiyo anayoisifu. Angekuta foleni. Angekuta akina mama mboga ambao wameshakwenda soko la Marikiti na kurudi, vijana wa mjengo wenye nguo za kazi ndani ya mkoba, mlinzi anayetoka zamu ya usiku akipishana na mwenzake anayekwenda kumpokea. Ng'ambo ya pili ya mji, kuna wanaotoka Kibera kwa miguu hadi Industrial Area, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ndiyo mboga ya jioni. Mtu kama huyo ukimwambia hana nidhamu, umemtukana.

Na bado mtu huyo huyo, ukikaa naye, atakuambia hawezi kuweka akiba. Atakuambia alianza kufanya mazoezi akaacha, alijaribu kuacha kubeti akarudi, alinunua daftari la matumizi likajazwa kurasa tatu. Kuamka saa kumi hajakosa hata mwaka mmoja, lakini daftari limemshinda. Kwa nini?

Kwa sababu kazini anasubiriwa. Akichelewa, msimamizi anakata. Matatu haimngoji, mtoto ana karo, mwenye nyumba hupiga simu tarehe tano. Nidhamu anayo tele, ila imeshagawiwa watu wengine kabla jua halijachomoza. Kinachofika nyumbani saa mbili usiku ni mwili uliochoka na simu yenye chaji. Katika saa hizo mbili tatu zinazobaki, hakuna anayemsubiri popote, na hapo ndipo mipango yake yote inapofia.

Kwa hiyo mimi siamini habari ya kujikaza. Naamini mambo mawili tu: tafuta mtu wa kukusubiri, na uweke umbali kati yako na kile kinachokushinda. Mengine ni maneno ya semina.

Kuhusu umbali, kuna utafiti ninaoupenda, uliofanyiwa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2012 chini ya mwanasaikolojia Wilhelm Hofmann. Watu zaidi ya 200 walipewa simu zilizokuwa zikilia mara kadhaa kwa siku, na kila zilipolia walieleza wanatamani nini wakati huo, na kama wanapambana na tamaa hiyo. Ungetarajia wale wanaojitawala sana wawe ndio wanaoshinda mapambano mengi. Kumbe walikuwa na mapambano machache. Maisha yao yalikuwa yamepangwa kiasi kwamba kishawishi hakiwafikii mara kwa mara.

Hili wengi wetu tunalijua bila utafiti. Kuna mwanamume anayeshuka steji moja kabla ya yake ili asipite mbele ya baa ambayo wahudumu wanamwita kwa jina. Kuna dada anayeacha simu ikichaji jikoni usiku, kisha ananunua saa ya kengele ya bei rahisi mjini ili asiwe na kisingizio cha kulala nayo. Hawa hawajawa watu wapya. Wamebadilisha njia tu, na njia imewafanyia kazi ambayo moyo ulishindwa.

Na zile siku 21 tunazoambiwa zinatosha kujenga tabia? Chanzo chake ni daktari wa upasuaji wa sura huko Marekani aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 kuizoea sura mpya. Hakuwa akizungumzia kukimbia wala kuweka akiba. Watafiti wa University College London walipofuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha wastani wa siku 66, na tofauti kubwa kati ya mtu na mtu: makadirio yalianzia siku 18 hadi 254. Waligundua pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu kitu. Hilo la mwisho ningelibandika kwenye kila ukuta wa jimu, maana wengi huacha kabisa baada ya kukosa Jumanne moja.

Sasa tuje kwenye pesa, ambako mambo haya yote yanaonekana waziwazi.

M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, ilirahisisha kutuma pesa kwa simu. Mwaka 2012 ikaja M-Shwari, ya kuweka akiba na kukopa, na baadaye ikapata sehemu ya kufungia akiba kwa muda unaouchagua mwenyewe. Januari 2019 ikaja Fuliza: salio likipungua unapolipa, inakuongezea, na pesa yoyote itakayoingia inaanza kulipa deni hilo kabla hujaigusa. Angalia vizuri: kufuli na mlango uliofunguliwa viko kwenye simu moja, mfuko mmoja, kidole kile kile. Ongeza hapo kubeti, ambako dau dogo halihitaji hata uinuke kitini. Zamani aliyetaka kuchezea mshahara wake alilazimika kuvaa viatu. Leo umbali ule umefutwa, halafu tunashangaa vijana "hawana nidhamu". Tumewaondolea kila kizuizi kisha tunawauzia hotuba.

Simlaumu mtu kwa kutumia Fuliza. Mtoto akiumwa usiku na bodaboda iko mlangoni, ni msaada mkubwa. Ninachosema ni kwamba anayetaka kuweka akiba kwenye simu ile ile anayotumia kubeti na kukopa anajipa kazi ambayo hata mtawa ingemtoa jasho.

Ndiyo maana nakiheshimu kile kisanduku cha mbao kisicho na mlango, chenye tundu la kupitishia pesa, ambacho lazima ukivunje ili uzitoe. Wasomi walikuwa wakikicheka. Wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walijaribu kitu cha jamii hiyo magharibi mwa Kenya, wakafuatilia watu kwa miaka mitatu na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Kumpa mtu mahali salama tu pa kuweka pesa kuliongeza akiba ya mambo ya afya kwa asilimia 66. Hakuna semina, hakuna mahubiri. Na zile njia zilizohusisha kundi, watu wakichanga pamoja, zilileta mabadiliko makubwa sana.

Bibi zetu wangesema jifya moja haliinjiki chungu, na wangetushangaa tulivyohitaji wachumi kutuambia.

Chama, basi, yaani kikundi cha watu wanaochanga pesa na kupeana kwa zamu. Nimekaa kwenye vikao vya chama vya kutosha kujua kwamba wanachama si malaika. Kuna anayelalamika kila Jumapili. Kuna anayekuja kwa ajili ya mandazi. Lakini tazama kinachotokea wiki ya mwisho kabla ya mchango. Mwanamke ambaye mwezi mzima hangeweza kutenga shilingi mia mbili kwa ajili yake mwenyewe anapata elfu mbili kwa ajili ya zamu ya mwenzake. Anapunguza nyama, anaahirisha kusuka, anaidai ile pesa ambayo shemeji alikopa tangu Pasaka. Kwa nini? Kwa sababu Jumapili saa nane kuna daftari litakalofunguliwa, jina lake litasomwa, na mwenyekiti atasema kwa sauti ya upole kuliko zote, "Mama, kuna faini ya mia." Ile mia haimuumizi. Kinachomuuma ni kusomwa.

Wapo wanaodharau nidhamu ya namna hii. Wanasema nidhamu ya kweli hutoka ndani, na ile ya kuogopa watu ni ya kitoto. Mimi naona wanaosema hivyo wana katibu muhtasari, dereva na mwalimu wa mazoezi wa kulipia, yaani wamewaajiri watu wa kuwasubiri halafu matokeo wanayaita utashi.

Mtazame mkimbiaji wa marathoni Eliud Kipchoge, ambaye picha yake haikosi kwenye semina hizo. Wanamtumia kama mfano wa mtu mmoja na moyo wake. Lakini kwa miaka mingi alikuwa akilala kambini Kaptagat siku za wiki, mbali na nyumbani kwake, pamoja na wanariadha wenzake, wakigawana hata kazi za usafi, chini ya kocha Patrick Sang aliyemlea tangu ujana. Na tarehe 12 Oktoba 2019 jijini Vienna, alipomaliza kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, walikuwepo wasaidizi 41 waliokuwa wakipokezana kukimbia naye, wakimkinga upepo na kumshikia kasi. Kama bingwa huyu anahitaji watu 41, mimi na wewe wa mitaa ya Umoja na Kahawa West tunajaribu peke yetu kwa msingi gani?

Mtaani kwetu kuna akina mama wanaotembea haraka haraka jioni, kama kilomita nne hivi, wakizungumza mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Hawana programu ya kuhesabu hatua. Wana kawaida moja: wanasimama kwenye geti la kila mmoja wao na kuita. Unaweza kuidharau kengele ya simu kwa kidole. Jaribu kudharau sauti inayosema, "Dada, tuko hapa nje, shuka," na majirani wa ghorofa tatu wakisikia.

Nisiifanye picha iwe tamu kupita kiasi, kwani kundi linaweza kukuumiza pia. Kuna vyama vilivyogeuka uwanja wa kuonyeshana, mtu anakopa ili achange, na hapo nidhamu imekuwa deni. Kuna waweka hazina waliozima simu wakapotea na jasho la watu. Kuna makundi ya WhatsApp ya kupunguza uzito ambayo kazi yake ni kuaibishana. Kwangu mimi kundi zuri ni dogo, la watu ambao ukiumwa watakuja kukuona. Wakizidi kumi na wawili, mtu anaweza kujificha. Na kiwango cha mchango kiwekwe na mwanachama mwenye kipato kidogo kuliko wote, ama sivyo atakuwa wa kwanza kuondoka na atajiona mvivu.

Tena tukumbuke kwamba umbali na wepesi haviko sawa katika mji huu. Aliye Gigiri ana msitu wa Karura mlangoni, njia zilizosafishwa na walinzi langoni, alimradi alipe kiingilio. Aliye Dandora akitaka kukimbia saa kumi na moja jioni atapambana na moshi, pikipiki na barabara isiyo na njia ya miguu, na ikifika saa moja usiku, taa ya barabarani iliyokufa ndiyo itakayoamua kama mwanamke ataendelea. Tunapozungumzia tabia za watu tuzungumzie na taa. Na mlinzi anayefanya zamu yenye urefu wa saa kumi na mbili, siku sita kwa wiki, sina ushauri wa kumpa kuhusu kusoma kurasa kumi kila usiku. Anahitaji zamu fupi.

Kwa mwenye nafasi kidogo, ningesema aanze na jambo moja, alifunge kwenye kitu ambacho tayari anakifanya kila siku bila kufikiri, na amtaje mtu atakayejua asipolifanya. Pesa ya akiba iondoke siku mshahara unapoingia, kabla ya kufika mtaani. Kutembea kuanze pale unaposhuka matatu, kwa sababu kushuka utashuka tu. Ukishaingia ndani na kuvua viatu, umekwisha.

Jambo linalonisumbua mimi ni Disemba. Miezi kumi na moja mtu anashikiliwa na geti, steji, daftari na sauti za akina mama, kisha wiki moja mji unamwagika kuelekea ushago, kule kijijini, na kila kamba inakatika kwa pamoja. Huko hakuna geti, kuna nyama ya bure, na wajomba wanaoamini mtu wa Nairobi ana pesa. Anayerudi Januari hukuta hana kitu wala hana mwendo, na ndiye huyo mwenye semina anamngojea kwa tabasamu. Kwenye chama chetu safari hii tumekubaliana kwamba mchango wa Disemba na akiba ya karo viende wiki ya kwanza ya mwezi, kabla mabasi hayajapandisha nauli, na kila mmoja ataje mapema atakuwa akitembea na nani huko aendako, awe shangazi au binamu. Mmoja alisema kwao ni mlimani, hakuna anayetembea kwa ajili ya kutembea, watamwona mwendawazimu. Akaambiwa abebe ndoo aende mtoni na shemeji zake.